Pancha isiyo na msumari: rimu yenye ufa isifichwe kwa tyubu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji wenzangu, mafundi wa matairi na wauzaji wa rimu za mtumba jambo lililonipata na gari langu dogo, kwa sababu nimekuja kufahamu kwamba halikunipata mimi peke yangu, na kwa sababu mazoea yaliyolisababisha yanaendelea kila siku kwenye vibanda vya pancha. Nazungumzia rimu ya aloi (aluminiamu iliyochanganywa na vitu vingine) iliyopasuka, ikachomelewa, ikapakwa rangi, ikauzwa, ikapasuka tena, na mwishowe ufa wake ukafichwa kwa kuwekewa tyubu ndani ya tairi ambalo halikutengenezwa kutumia tyubu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari huko Kibaha, na makazi yangu ni Kimara. Kila siku ya kazi nakwenda na kurudi kwa Barabara ya Morogoro nikiendesha Toyota Vitz ya toleo la pili, lile lililoanza kutoka mwaka 2005. Nilipolinunua gari hili lilikuwa na rimu zake za chuma za inchi 14 na matairi ya 165/70, yaani upana wa milimita 165 na kimo cha ubavu asilimia 70 ya upana huo. Mwaka mmoja baadaye nilishawishika kununua rimu nne za spoti, yaani za aloi, za inchi 15 zilizokwisha kutumika, pamoja na matairi yake ya 195/50. Zilikuwa zinang'aa. Niliziangalia upande wa mbele tu, zikiwa zimeegemezwa ukutani, nikaridhika na kulipa, wala sikumwomba muuzaji azigeuze nione mgongo wake.

Masika yaliyopita, katika barabara ya mtaa ninayopita kutoka nyumbani, gurudumu la mbele la kushoto lilitumbukia kwenye shimo lililojaa maji. Kishindo kilikuwa kikubwa hata nikasimama pembeni na kukagua, lakini kwa nje sikuona kilichoharibika. Baada ya siku chache tairi lilikuwa limelegea. Nilijaza upepo hadi kipimo cha 33 (kwa PSI, kizio cha shinikizo la upepo), na siku tatu baadaye kikasoma 20. Nikaenda kwa fundi wa pancha wa karibu, akatafuta msumari na asiuone, akapaka maji ya sabuni kwenye uso wa tairi na asione povu, akaniambia tairi ni zima. Fundi wa pili alibadilisha valvu, nikaondoka na matumaini, na baada ya siku nne nikarudi kwenye hali ile ile. Wa tatu alinisikiliza kwa upole, akasema, "Mwalimu, nikuwekee tyubu, usahau kabisa habari ya upepo." Aliweka, nami kweli nikasahau.

Hapo ndipo lilipo kosa ninalotaka kulieleza, nalo ni langu kama lilivyo la fundi. Tairi lisilotumia tyubu huhifadhi upepo kwa kushikana na rimu yenyewe, yaani rimu ni sehemu ya ukuta wa chombo kinachobeba upepo. Rimu ikipata ufa, hata mwembamba kama unywele, upepo hupenya pale pale, na tairi huanza kupungua kidogo kidogo bila msumari wala mkato wowote. Kupungua huko mara nyingi ndiyo taarifa ya kwanza ambayo rimu humpa mwenye gari kabla haijavunjika. Tukiingiza tyubu, upepo sasa unashikwa na mpira, kipimo kinasimama vizuri kwenye 33 wiki baada ya wiki, ilhali ufa haujaguswa na unaendelea kurefuka. Tumeinyamazisha taarifa na kuliacha tatizo.

Tena tyubu yenyewe haikai salama humo. Kingo za ufa ni kali, na kila gurudumu linapozunguka na kulemewa na uzito wa gari, kingo hizo hufunguka na kufumba kwa kiasi kidogo sana, zikiutafuna mpira ulioegemea juu yake. Ndani ya tairi lisilokusudiwa kutumia tyubu, mpira nao husuguana na tairi na kupata joto, hasa mwendo unapokuwa mkubwa na barabara ni ya moto. Tairi lisilo na tyubu likichomwa na msumari mara nyingi hupungua taratibu, msumari ukiwa umebaki umelikaza tundu. Tyubu ikichanika upepo wote waweza kutoka kwa mara moja, na gurudumu la mbele likiishiwa upepo ghafla kwenye mwendo wa 80, usukani huvutwa upande mmoja kabla dereva hajaelewa kimetokea nini.

Mimi nilipewa nafasi ya pili. Baada ya kama miezi miwili usukani ulianza kutetemeka nikifika mwendo wa 60 au 70. Nikapeleka gari kupima balansi, nikidhani ni vile vipande vya risasi vya kusawazisha gurudumu vimedondoka. Kijana aliyekuwa kwenye mashine alilizungusha gurudumu, akatazama ukingo wake wa ndani unavyocheza, akazima mashine na kuniita. Alilitoa tairi, akaitoa tyubu, akausugua mgongo wa rimu kwa brashi ya waya, nao ufa ukaonekana, umeanzia kwenye ukingo wa ndani na kuingia mahali tairi linapokaa, mrefu kuliko kidole changu cha kati. Pembeni yake, chini ya rangi ya fedha, kulikuwa na mwinuko kama kovu. Akaniambia, "Mwalimu, hii rimu ilishachomelewa kabla hujainunua. Imepasukia ubavuni mwa pale pale palipochomelewa." Akanionyesha tyubu, nayo ilikuwa na mstari uliokwaruzwa ukaota manyoya, ukifuata sawasawa njia ya ufa.

Nilikaa kwenye benchi la gereji ile nikihesabu. Tairi langu lina mzingo wa kama mita 1.8, kwa hiyo katika kila kilomita moja huzunguka zaidi ya mara 550. Toka Kimara hadi Kibaha, tuseme kilomita 20, ni kama mara 11,000, na kurudi vivyo hivyo. Katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa gurudumu huzunguka kama mara 12 kwa kila sekunde, na katika kila mzunguko eneo lile lenye ufa hupita chini ya uzito mara moja. Kwa miezi miwili nilikuwa nikipanua ufa huo kila siku, nikiwa na wanangu wawili kiti cha nyuma, na kila asubuhi nikijipongeza kwamba tairi halipungui tena.

Baada ya hapo nilitaka kuelewa kwa nini rimu iliyochomelewa hupasuka tena, maana mafundi wengi wa kuchomelea aloi ni hodari kwelikweli, na mshono wao ukiuona unapendeza. Jibu liko kwenye jinsi rimu inavyotengenezwa. Rimu nyingi za magari madogo ni za aluminiamu iliyochanganywa na silikoni na magnesi kidogo. Ikishamiminwa kwenye kalibu, hupashwa moto hadi karibu nyuzi 540 za selsiasi, huzamishwa majini ipoe kwa ghafla, kisha hupashwa tena kwa joto la chini kwa saa kadhaa. Shughuli hiyo ndiyo inayoipa aloi sehemu kubwa ya uimara wake. Moto wa kuchomelea unapopita hufuta kazi hiyo katika eneo linalozunguka mshono, na fundi wetu hana tanuri la kuirudisha. Ndiyo maana mshono waweza kubaki mzima na ufa mpya ukatokea kando yake, kama ulivyotokea kwangu. Kuipasha rimu iliyopinda kwa mtungi wa gesi na kuigonga kwa nyundo hadi inyooke nako huleta hasara ya namna hiyo hiyo, ingawa hakuachi kovu la kuonekana.

Chuma kina tabia tofauti. Rimu ya chuma ikigonga shimo kwa kawaida hujikunja, na mwenye gari huliona bonyeo lake, hata fundi anaweza kuinyoosha ikiwa ni ukingo tu uliopinda kidogo. Aloi haina uvumilivu huo, nayo baada ya kupinda kidogo hupasuka. Na mara nyingi hupasuka upande wa ndani, kwa sababu mikono ya rimu imeshikana na pipa lake (lile duara pana linalovaa tairi) karibu na uso wa nje, hivyo ukingo wa ndani uko mbali na hauna kinachoutegemeza. Ndiyo sababu mwenye gari anayezunguka gari lake kila asubuhi na kutazama magurudumu, kama nilivyokuwa nikifanya, anaweza asiuone ufa hata siku moja.

Ukubwa wa rimu nao ulinigharimu. Kwa tairi la 165/70 kimo cha ubavu ni kama milimita 115, na kwa hili la 195/50 ni kama 97. Nilipobadilisha kwa ajili ya kupendezesha gari nilipoteza karibu milimita 18 za mpira na upepo ambazo zingekuwa kati ya rimu na ukingo wa shimo. Wanaokwenda hadi inchi 16 na matairi ya 195/45 wanabaki na kama milimita 88. Simkatazi mtu kupenda gari lake lipendeze, lakini mwenye kukaa kwenye mitaa ambayo mashimo yake hujaa maji kuanzia Machi hadi Mei ajue kwamba anachopunguza ni kinga. Vivyo hivyo kwa kuendesha na upepo pungufu, jambo ambalo wengi hulifanya wakidhani gari litakuwa laini. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva, na tairi lililolegea huiachia rimu ipokee kishindo chenyewe.

Sisemi kwamba kila tairi linalopungua bila msumari lina rimu yenye ufa. Rimu za aloi za zamani huota unga mweupe mahali tairi linapokaa, upepo ukapenya hapo, na dawa yake ni kulitoa tairi, kupasugua vizuri na kupaka dawa ya kuzibia kabla ya kulirudisha. Valvu nazo huchoka. Na kikwaruzo cha ukingo wa barabara kwenye uso wa nje, hata kikiwa kibaya cha kuudhi, si ufa. Ninachoomba ni kwamba sababu itafutwe kabla ya tiba kutolewa. Gurudumu litolewe kwenye gari, mgongo wake uoshwe kwa maji na brashi hadi matope na vumbi la breki litoke, lijazwe upepo wa kutosha, kisha maji ya sabuni yamiminwe polepole kuzunguka ukingo wote wa ndani, kwenye pipa, kwenye shina la kila mkono na kuzunguka matundu ya nati. Ufa hutoa mapovu madogo madogo yaliyojipanga mstari, tena baada ya kusubiri. Kazi yote haizidi nusu saa. Mafundi watatu walipokea fedha zangu, na hakuna aliyelitazama gurudumu upande huo, nami sikumwomba hata mmoja wao afanye hivyo.

Najua fundi wa pancha atasema nini, na nina heshima kubwa kwa kazi yake, ambayo huifanya juani, akiwa amepiga magoti kando ya barabara, kwa malipo madogo. Atasema mteja mwenyewe ndiye huomba tyubu, kwa kuwa hana fedha ya rimu. Ni kweli. Lakini nilipojumlisha nilichotumia kwa mafundi hao watatu, yaani shilingi 5,000 za kutafuta msumari ambao haukuwepo, 8,000 za valvu na 25,000 za tyubu na kazi yake, nilipata 38,000. Rimu ya chuma ya inchi 14 iliyotumika, iliyonyooka na isiyo na mshono wowote, niliipata kwa shilingi 50,000. Tofauti ni shilingi 12,000, na hapo sijahesabu tyubu iliyokwisha kuliwa nusu na asubuhi nilizochelewa vipindi. Tyubu ilionekana rahisi kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba rimu ndiyo mbovu.

Na kwa anayetafuta rimu ya kubadilisha, nieleze nilichojifunza wakati wa kutafuta yangu, kwa sababu kosa hapa huzaa ufa mwingine. Vitz yangu inachukua rimu ya nati 4 zilizopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100, na tundu la katikati ni milimita 54.1. IST ya toleo la kwanza ni hivyo hivyo, lakini IST ya toleo la pili lililotoka mwaka 2007 ina nati 5, na rimu yake haitaingia hata ukiibembeleza. Rimu nyingi za spoti zisizo za kiwandani hutobolewa tundu kubwa la katikati, kama milimita 67 au 73, ili ziingie kwenye magari ya aina nyingi. Hizo zinahitaji pete ya kujazia nafasi hiyo ili gurudumu likae katikati barabara. Pete isipokuwepo, nati peke yake ndizo zinazolitafuta katikati, na mara nyingi gurudumu hukaa pembeni kidogo na kutetemeka. Koni ya nati, yaani ule mteremko wake unaokaa kwenye rimu, nayo ni lazima ilingane na tundu la rimu.

Kufunga nako kuna utaratibu. Nati huanzwa kwa mkono, hukazwa kwa kupishana, ile ya huku kisha ya mkabala wake, gari hushushwa, ndipo hukazwa mara ya mwisho. Toyota hizi ndogo zinahitaji nguvu ya Nyutoni mita 103, ambayo kwa spana yenye mkono wa sentimita 40 ni sawa na kuning'iniza uzito wa kilo 26 kwenye ncha yake. Mtu mzima akisimama juu ya wili spana kwa miguu yote miwili, kama ninavyoona wakifanya, anakaza zaidi ya mara mbili ya hapo, na rimu ya aloi huumia kwenye matundu. Baada ya kilomita 50 hadi 100 nati zikazwe tena. Hili la mwisho hukumbukwa na wachache mno.

Ufa ukigunduliwa safarini, namwomba mwenye gari asijaze upepo na kuendelea "taratibu hadi nyumbani". Afunge spea. Lakini wengi wetu tuna zile spea nyembamba ambazo kiwanda kimeziwekea kikomo cha mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na upepo wake ni mwingi kuliko wa matairi mengine, yaani 60 badala ya 33. Nilipoikagua yangu siku ile ilisoma 18. Ilikuwa imelala kwenye buti tangu nilinunue gari, na sikuwahi kuipima. Kama rimu ingenivunjikia mbele ya Kibamba, spea hiyo isingenisaidia kitu.

Narudi kwa wauzaji wa rimu za mtumba, maana huko ndiko ufa wangu ulikotokea. Kuanzia Gerezani hadi Ilala rimu hupangwa kwa nyuso, zikiwa zimeoshwa na nyingine zimepakwa rangi upya. Muuzaji akiulizwa ubora wake huonyesha herufi JWL zilizochongwa kwenye mkono wa rimu. Herufi hizo ni za kweli kwa maana yake: mtengenezaji anathibitisha kwamba rimu imefikia kigezo cha Japani cha rimu za aloi za magari ya abiria, na ile ya malori na mabasi huandikwa JWL-T. Ikiongezewa alama ya VIA, basi imepimwa na kusajiliwa na taasisi ambayo si kiwanda chenyewe. Vipimo hivyo ni vikali, pamoja na kuipinda rimu ikizunguka, kuikimbiza juu ya ngoma ikiwa imelemewa, na kuidondoshea uzito kwenye ukingo. Lakini alama hizo zinazungumzia rimu jinsi ilivyotoka kiwandani. Rimu yangu iliyopasuka mara mbili ina JWL na VIA zote mbili, zinasomeka vizuri kabisa. Moto wa kuchomelea uliondoa uimara ukaziacha herufi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wauzaji ni kwamba waache kupaka rangi mgongo wa rimu. Uso wa nje wapake wapendavyo, mnunuzi anajua ananunua kitu kilichotumika, lakini upande wa ndani ubaki kama ulivyo, ili kovu lionekane, na rimu iliyochomelewa kwenye pipa au kwenye mkono isiuzwe kabisa kama rimu. Sitaki kumdhania mabaya yule aliyeniuzia, huenda naye alinunua ikiwa imeshapakwa. Hata hivyo mtu fulani katika mlolongo huo alishika brashi ya rangi akiwa ameuona mshono.

Jeshi la Polisi, kupitia Kikosi cha Usalama Barabarani, hukagua magari na kutoa stika, hasa tunapokaribia Wiki ya Nenda kwa Usalama. Nimekaguliwa mara kadhaa. Taa, honi, breki, mikanda, kizima moto na kashata (meno) za matairi hutazamwa, na ni vizuri sana, ila sijaona mkaguzi akiinama na tochi kutazama mgongo wa rimu. Ukiukata usukani hadi mwisho, sehemu kubwa ya rimu ya mbele kwa ndani huonekana bila hata kuinua gari. Ni jambo la dakika mbili. Ningependa pia kuona VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambayo tayari ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza kazi mitaani, ikiwafikia mafundi wa pancha kwa mafunzo mafupi ya jambo hili moja: namna ya kupima rimu, na kwa nini tyubu haiwekwi ndani ya tairi lisilo la tyubu pasipo kujua upepo unatokea wapi. Vijana hawa ndio wanaoyagusa matairi yetu kila siku kuliko fundi mwingine yeyote. Na wanaosimamia barabara za mitaa, hata kabla fedha ya kuziba shimo haijapatikana, wangeweka alama ya kuonekana kandokando yake wakati wa mvua, kwa sababu shimo lililojaa maji halionyeshi kina chake.

Rimu zangu tatu nyingine za spoti nilizitoa zote siku hiyo hiyo, nikazipima kwa sabuni mgongo kwa mgongo. Mbili zilikuwa nzima. Moja ilikuwa imenyooshwa kwa moto, rangi yake ikiwa imebadilika chini ya ile ya fedha, nami sikuiamini tena. Vitz imerudi kwenye chuma cha inchi 14 na tairi nene, tatu zikiwa ni zile zile za kiwandani ambazo bahati nzuri nilikuwa nimezihifadhi stoo, na ya nne ni ile niliyonunua, kwa kuwa moja nilikuwa nimeiazima jirani na haikurudi.

Ile yenye ufa niliibeba hadi kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kabla sijaiweka kwenye mizani, mtu aliyekuwa amesimama pale aliitazama, akaipindua, akaona ufa, na papo hapo akataka kunipa mara mbili ya bei ya kilo ili aichukue ikiwa nzima. Sikumuuliza ataifanyia nini. Nilirudi nayo gereji kwa yule kijana wa mashine ya balansi, nikamlipa aikate kwa grainda vipande vitatu, mkato mmoja ukipita katikati ya herufi JWL, ndipo nikavipeleka vipande hivyo kupimwa kwa bei ya kilo.

Wako,
Mwalimu wa Fizikia,
Kimara, Dar es Salaam.